Kabla hujasema jengo jipya ni baya

Miaka kadhaa iliyopita nilisimama nje ya ukumbi wa mikutano nimeshika bango nililoliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HATUTAKI VIOO. Mtaa wetu ni wa kale, kuta nene, madirisha membamba, na mwekezaji alikuwa ameleta mchoro wa jengo la ghorofa saba lililovikwa vioo toka chini hadi juu. Tulipiga kelele, tukakusanya saini, tukaandika barua. Tukashinda. Mchoro ulirudi umebadilishwa: vioo vimeondoka, kuta zimepakwa rangi ya chokaa, madirisha yametiwa matao. Tulipongezana kweli kweli.

Jengo lenyewe sasa limesimama, na kila nikipita kando yake najiona mjinga. Ghorofa ni zile zile saba, katika mtaa ambao nyumba nyingi hazizidi tatu. Limemeza viwanja sita vilivyokuwa na nyumba sita. Sehemu ya chini, ile inayogusana na mtaa, ni geti la magari, matundu ya kutolea hewa, chumba cha transfoma, kisha ukuta mtupu wa hatua arobaini na tatu. Nimezihesabu. Matao yanaanzia ghorofa ya pili kwenda juu, huko ambako wanaoyafaidi ni njiwa. Na hayo yote, ukiacha matao, yalikuwemo kwenye mchoro wa kwanza. Hatukuyaona kwa sababu tulikuwa tumeshughulika na vioo.

Tangu siku hizo nimekaa kwenye mikutano mingi ya namna ile, na rafiki zangu wanaoishi miji mingine yenye historia huniuliza waseme nini mchoro ukiletwa kwao. Nawaambia waanze kwa kutoiamini sana chuki ya siku ya kwanza.

Chukua Paris. Februari 1887, waandishi na wasanii wakubwa wa Ufaransa, akiwemo Guy de Maupassant na Charles Garnier aliyesanifu jumba la Opera, walichapisha barua gazetini kuupinga mnara wa Eiffel kabla haujamalizika. Kibali chake kilikuwa cha miaka 20 tu, kisha ungeweza kubomolewa. Leo jaribu kumwambia mkazi wa Paris kwamba mnara ule ung'olewe. Au nenda Vienna, Austria, ambako msanifu Adolf Loos alijenga nyumba ya ukuta mweupe usio na urembo mbele ya kasri la mfalme, miaka ya 1910 na 1911. Watu waliicheka, wakaiita nyumba isiyo na nyusi, kwa kuwa madirisha yake hayakuwa na mapambo juu yake kama majirani. Wakuu wa mji walisimamisha kazi, na ugomvi uliisha kwa Loos kukubali kuweka visanduku vya maua madirishani. Nyumba hiyo sasa inalindwa kisheria kama urithi.

Piramidi ya vioo ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, nayo ilitukanwa ilipotangazwa mwaka 1984. Iweje msanifu wa Marekani, I. M. Pei, aweke kitu kama hicho katikati ya ua wa kasri la wafalme? Ilifunguliwa 1989, na hivi sasa wageni wanapanga foleni kupiga picha mbele yake.

Lakini katika mji huo huo kuna mnara wa ofisi wa Montparnasse, uliokamilika mwaka 1973. Wenyeji waliuchukia, na nusu karne imepita bado hawajausamehe. Tofauti ni nini? Piramidi ina kimo cha takriban mita 21, haifikii paa za kasri linaloizunguka. Montparnasse una mita 210. Mwaka 1977 mji uliweka kikomo cha mita 37 kwa majengo mapya katika sehemu zake nyingi, na ghadhabu juu ya mnara ule ilichangia sana.

Hapo ndipo nilipofika baada ya kukaa na jambo hili kwa muda mrefu: sura ya jengo jicho huizoea, mara nyingine hata hulipenda. Ukubwa hauzoeleki. Kivuli kinachoangukia ua wako saa nane mchana mwaka wa kwanza kitaanguka saa hiyo hiyo mwaka wa thelathini. Kwa hiyo ukiwa na nguvu ya kugombania mambo mawili tu, gombania kimo na upana, na umwachie msanifu vioo vyake. Najua ushauri huu unawaudhi watu. Uliniudhi na mimi.

Tatizo ni kwamba ukubwa ndiyo kitu kigumu zaidi kuona kwenye karatasi. Picha za kompyuta zinazotundikwa ukutani siku ya mkutano zimetengenezwa ili uone kingine. Angalia mpigapicha wake wa kufikirika amesimama wapi. Mara nyingi yuko hewani, usawa wa ghorofa ya nne, mahali ambapo binadamu hasimami. Au amerudi nyuma mita mia mbili, akapita katikati ya nyumba za watu, kwa hiyo jengo linaonekana dogo na la upole. Miti iliyochorwa ni ya umri wa miaka arobaini, ilhali kitakachopandwa ni mche. Anga haina wingu, na watu wote ni vijana wembamba wenye puto au baiskeli. Nilipoanza kuuliza, "Picha hii imepigwa kutoka wapi, na kwa kimo gani?", nilishangaa jinsi ukumbi ulivyonyamaza.

Omba picha ya macho ya mtu anayetembea, mita moja na nusu hivi kutoka ardhini, kutoka kona tatu unazozichagua wewe. Omba pia ule mchoro unaoonyesha jengo kana kwamba limekatwa katikati kwa msumeno, pamoja na nyumba za pande zote mbili za mtaa. Huo haupendezi, hauna rangi, na hautundikwi ukutani. Lakini ndio utakaokuambia kama ghorofa ya sita inachungulia chumbani kwako.

Kama wakuu wa mji wako wanasikiliza, omba zaidi ya karatasi. Uswisi wana desturi ambayo naihusudu: kabla kibali hakijatolewa, mjenzi anasimamisha nguzo ndefu kwenye kiwanja, zenye alama zinazoonyesha pembe na kimo cha jengo lijalo, na zinabaki pale kwa majuma watu wakipita na kutazama. Hata Louvre walifanya kitu kinachofanana. Mwaka 1985 meya wa Paris, Jacques Chirac, alitaka kuona ukubwa halisi wa piramidi, nyaya zikavutwa uani kuichora hewani, na maelfu ya watu wakaenda kujionea. Hofu ya wengi ilipungua walipoona kumbe si kubwa kiasi walichodhani. Ndiyo maana mwekezaji mwenye jengo la kiasi hana sababu ya kukataa nguzo. Anayekataa, mwulize sababu, tena mbele ya watu.

Sasa shuka chini. Nimeona mikutano ya saa tatu ambayo paa lilijadiliwa saa mbili na nusu, na sehemu ya chini haikutajwa. Nani anatembea paani? Sisi tunaishi kwenye mita tatu za kwanza. Jan Gehl, msanifu wa Denmark aliyetumia maisha yake kutazama jinsi watu wanavyotembea mijini, aliona kwamba mtaa unaovutia huwa na milango 15 hadi 20 katika kila mita 100. Mwendo wetu wa kawaida ni kama kilomita tano kwa saa, kwa hiyo kila baada ya sekunde nne au tano jicho linapata kitu kipya: mlango, duka, mtu ameketi, ngazi. Mitaa ya kale inatimiza hilo bila kujua, kwa sababu viwanja vyake ni vyembamba na kila mwenye kiwanja alijenga mlango wake.

Nilipolisoma hilo nilichukua daftari nikaenda mtaani kwetu kuhesabu. Ni kazi ya nusu saa, na ningekushauri uifanye kabla hujaandika neno lolote la kupinga au kuunga mkono. Hesabu milango ya sasa, halafu hesabu ya kwenye mchoro. Ukiona kumi na mbili imekuwa miwili, umepata hoja ambayo haimhitaji mtu kuwa na elimu ya usanifu, wala haijibiki kwa kusema "hayo ni mambo ya ladha".

Viwanja kuunganishwa ndilo jambo ninaloliogopa kuliko zege na kuliko vioo. Nyumba mbaya kwenye kiwanja chembamba inaharibu mita saba za mtaa, na kizazi kijacho kinaweza kuibomoa chenyewe bila kugusa jirani. Jengo lililochukua viwanja sita ni uamuzi mmoja wa mtu mmoja, na likikosewa limekosewa lote.

Kuna suluhisho ambalo wakuu wa miji hulipenda: kubakiza ukuta wa mbele wa kale, kubomoa kila kilicho nyuma yake, kisha kupachika jengo jipya kama mtu aliyevaa barakoa. Sipendi. Ghorofa mpya hazilingani na madirisha ya zamani, hivyo usiku taa zinapowaka unaona sakafu imekata dirisha katikati. Hata hivyo sisemi kwamba kila kinachoiga cha kale ni uongo. Mji mkongwe wa Warsaw ulisagwa na Wajerumani mwaka 1944, na Wapolandi wakaujenga upya wakitumia, pamoja na mambo mengine, michoro ya rangi ya Bernardo Bellotto wa karne ya 18. UNESCO iliuingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980. Kule watu walijenga upya nyumba walizoporwa. Matao ya jengo letu la ghorofa saba hayakuporwa popote, yalibandikwa ili sisi wenye mabango tutulie.

Na wenye mabango tuna makosa yetu. Katika mkutano wa pili au wa tatu nilikuwa nasifia uzuri wa nyumba za kale, mama mmoja mtu mzima akanyanyuka. "Mwanangu," akasema, "wewe paa lako halivuji. Mimi nimeweka ndoo tatu sebuleni, na ngazi zangu zimeoza. Hicho unachokilinda ni kikohozi changu." Sikuwa na jibu. Tangu hapo kabla ya kuandika barua huwa napita kwanza kwa wanaoishi ndani ya majengo yanayobishaniwa. Wengine wanataka ukarabati, wengine wanataka kuondoka na fidia ya haki, na wachache sana wanajali umbo la dirisha.

Usidhani pia kwamba wananchi daima wako upande wa kuhifadhi. Dresden, Ujerumani, wakazi walipiga kura mwaka 2005 na wengi wakataka daraja jipya juu ya mto Elbe, ingawa bonde la mto lilikuwa limeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka mmoja tu kabla. UNESCO ikaonya, ujenzi ukaendelea, na mwaka 2009 bonde likaondolewa orodhani. Liverpool nayo ikaondolewa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi kwenye bandari yake ya kale. Unaweza kuwalaumu, lakini aliyekwama kwenye foleni ya magari kila asubuhi ana haki ya kuwa na maoni kama mpenda mandhari.

Kinyume chake kipo Venice. Kuta zimelindwa, paa zimelindwa, watu wamekwisha. Mwaka 1951 kisiwa cha mji wa kale kilikuwa na wakazi wapatao 175,000. Sasa hawafiki 50,000. Kwa hiyo ukisoma mpango wowote, uwe wa kubomoa au wa kuhifadhi, tafuta ukurasa unaosema wapangaji wa sasa watakwenda wapi, na kodi ya pango itakuwaje. Mara nyingi ukurasa huo haupo. Kukosekana kwake kuandike kwenye barua yako kwa herufi kubwa.

Barua yenyewe iwe fupi. Nimewahi kuandika kurasa tisa, na afisa mipango miji aliyezipokea alinipa ushauri wa bure: hoja moja yenye kipimo inamlazimu aijibu kwa maandishi, hoja kumi na tano za hisia anaziweka kwenye jalada moja lenye jina "maoni ya jumla". Andika namba ya maombi, taja kifungu cha kanuni za mji kinachohusu kimo au matumizi ya sehemu ya chini, weka hesabu yako ya milango, ambatisha picha. Pelekeni barua zilizoandikwa na watu tofauti, maana barua mia zenye maneno yale yale huhesabiwa kama moja. Tena angalia tarehe ya mwisho kabla ya kitu kingine chochote. Bango langu la kwanza nililichora siku mbili baada ya tarehe ya kupinga kimo kupita, na ndiyo maana kilichobaki cha kubishania kilikuwa vioo.

Mwezi huu tangazo jipya limebandikwa mwisho wa mtaa wetu. Zege tupu, ghorofa nne, madirisha makubwa yasiyo na pambo lolote. Majirani wamekasirika na wameniomba niandike bango. Jana nilikwenda na daftari: milango kumi na moja leo, tisa kwenye mchoro, viwanja havijaunganishwa, na wapangaji wawili wa chini wamepewa mkataba wa kurudi. Nimewaambia bango siandiki. Nimeomba nguzo.