Kwa mnaoanza kazi dirishani

Nimekaa miaka 14 kwenye dirisha la huduma za kikonseli, nikiwa mfanyakazi Mkenya katika ubalozi wa nchi moja ya Ulaya hapa Nairobi. Wiki hii tumepokea wenzetu wapya. Mmefundishwa viza, ada na mashine ya alama za vidole, na mmefundishwa vizuri. Vita hamjafundishwa. Balozi nyingi za mji huu zinahudumia pia Somalia, na nyingine zinabeba mafaili ya watu waliokimbia Sudan Kusini na Sudan, kwa hiyo nusu ya wanaokuja dirishani wametoka kwenye vita au wana mtu wao aliyebaki huko.

Nianze na majina, kwa sababu ndiyo niliyomuumizia mtu.

Mwaka wangu wa kwanza alikuja mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dadaab na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa ameshapata makazi Ulaya, naye alikuwa anaomba kumfuata. Kwenye faili la mume, jina la mkewe liliishia na "Xuseen". Kwenye kitambulisho chake cha mkimbizi liliandikwa "Hussein". Nikamwambia majina hayalingani, akayarekebishe kwanza. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, ni baba yangu huyo huyo." Nikamrudishia karatasi zake.

Sikujua nilichokifanya. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na katika maandishi hayo X ni ile H nzito ya Kiarabu, na C ni ayn, herufi ya Kiarabu inayotamkwa kooni. Xasan ni Hassan. Cabdi ni Abdi. Maxamed ni Mohamed. Karani Mkenya wa kambini anaandika anavyosikia, Msomali anaandika alivyofunzwa shuleni, na mtu ni yule yule. Tena Msomali hana jina la ukoo kama Wazungu: ana lake, la baba na la babu, na mwanamke akiolewa halibadiliki. Mke na mume kutofanana majina si dalili ya uongo hata kidogo.

Na mkimbizi wa kambini hapandi basi tu akaja Nairobi. Anaomba kwanza kibali cha kutoka kambini, anakingoja, kisha anasafiri zaidi ya kilomita 450 kupitia Garissa. Huyu mama alirudi baada ya miezi mitano. Mtoto alikuwa anatembea.

Tarehe nazo zina habari zake. Mtaona mafaili ambayo familia nzima imezaliwa tarehe 1 Januari. Msidhani wamepanga njama. Mtu asiye na cheti cha kuzaliwa akiulizwa mwaka, anautaja kwa kukisia, na karani anajaza siku na mwezi. Kwa Waethiopia, uliza kalenda iliyotumika. Ya kwao ina miezi 13 na iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, hivyo karatasi ya kwao inayosema 1990 ni ya mtu aliyezaliwa 1997 au 1998. Wakati wa vita vya Tigray, kaskazini mwa Ethiopia, nimeona kijana akiitwa mdanganyifu kwa sababu hati mbili zilipishana miaka saba, na zote mbili zilikuwa za kweli.

Kuhusu wakalimani nitasema machache. Baada ya mapigano kuanza Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, Desemba 2013, tulimweka mkalimani mzuri sana mbele ya mzee mmoja, na mzee akanyamaza kabisa. Lugha walielewana. Ila mzee alisikia lafudhi, akajua mkalimani ametoka upande gani. Siku hizi namuuliza mtu faraghani anataka kuzungumza lugha gani na nani awe chumbani. Wengi wa Sudan Kusini huchagua Kiarabu cha Juba, maana ni cha kila mtu. Kabila simuulizi.

Sasa siri, na hapa nawaomba mnisikilize sana. Nchi zenye vita nazo zina balozi zao hapa hapa Nairobi. Mkimbizi akikosa cheti, karani mgeni huona njia rahisi ni kumwambia, "Nenda ubalozi wa kwenu wakupe." Usiseme hivyo, na usipige simu huko kuulizia jina lake. Pengine serikali ile ndiyo aliyoikimbia. Isitoshe, Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 1C, unasema mtu aliyejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake huacha kuhesabiwa mkimbizi. Pasipoti mpya aliyoichukua kwa sababu wewe ulimtuma inaweza kuja kutumiwa dhidi yake. Kifungu cha 25 cha mkataba huo huo kinaitaka nchi iliyompokea imsaidie kupata hati ambazo angezipata kwao. Mwelekeze huko, kwa serikali ya Kenya na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Vivyo hivyo kwa anayekuja kuuliza, "Ndugu yangu ameshafika hapa?" Hata akilia. Chukua namba yake, umwambie tukiweza tutamfikishia ujumbe. Usimjibu ndiyo wala hapana.

Kuna na usiku ambao dirisha linahamia kwenye simu. Nimekesha nyakati mbili: Julai 2016 Juba ilipowaka tena, na kuanzia Jumamosi ya 15 Aprili 2023, vita vilipoanza Khartoum, mji mkuu wa Sudan. Ilikuwa Ramadhani, na uwanja wa ndege ulifungwa siku ile ile, raia wetu wakiwa ndani ya nyumba zao. Swali la kwanza kwa anayepiga ni hili: simu yako imebaki chaji kiasi gani? Akisema asilimia sita, una dakika mbili. Jina, alipo kwa kutaja msikiti au duka la karibu, wako wangapi, nani anatumia dawa, maji yatatosha siku ngapi. Andika, msomee, kata. Pole ndefu inamla chaji.

Usimwambie kamwe kwamba barabara iko salama. Wewe uko Nairobi, huioni. Kutoka Khartoum hadi Port Sudan, mji wa bandari, ni mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Mwambie ulichothibitishiwa na saa uliyothibitishiwa, uamuzi abaki nao yeye aliye dirishani kwake anasikia milio.

Na saa! Sudan iko nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tukisema saa mbili asubuhi tunamaanisha 08:00, na Mwethiopia anahesabu kama sisi, lakini Msudani na Mzungu wanaelewa vingine. Mwaka 2023 ujumbe mmoja ulitoka kwetu umeandikwa "saa 2", na familia ikafika kwenye kituo cha mabasi wakati basi limeshaondoka. Walipata jingine kesho yake, na usiku ule mimi sikulala. Andika 08:00 saa za Khartoum, kila mara, hata kama unaona inaeleweka.

Mlango wetu una ukaguzi mkali, na waombaji watawalalamikia ninyi. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya mji liliua watu 213 hapa Nairobi, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Wasalimieni walinzi kwa majina. Wao ndio pia watakaowaonyesha madalali wanaouza nje fomu ambazo hapa ndani ni bure. Mama mjamzito au mzee mwenye fimbo akiwa kwenye foleni juani, walinzi humwona kabla yenu, wakizoea kwamba mtaitikia watawaambia.

Kwenye droo ya kulia ya dirisha la pili kuna daftari la kijani. Nilianza kuliandika wiki ile yule mama aliporudi na mtoto anayetembea: ukurasa wa kushoto jina kama linavyoandikwa Mogadishu au Baidoa, wa kulia jinsi linavyoandikwa Dadaab na Nairobi. Limefika ukurasa wa 61. Ya Sudan Kusini bado ni machache, mkiyapata yaandikeni kwa kalamu ya wino.