Programu ya duka ya enzi za DOS imegoma kwenye Windows 11

Pole dada yangu. Umesema programu yako ya stoo ilifanya kazi miaka yote, hadi kwenye Windows 10, ila kompyuta mpya ya Windows 11 inaikataa. Fundi aliyekuambia haitafanya kazi humo hajakosea. Programu hiyo ni ya biti 16, yaani ya muundo wa zamani wa enzi za DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows), na Windows ya biti 64 haiendeshi programu za namna hiyo. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 lililoziweza. Windows 11 haina.

Leo hii, kabla ya yote, nakili folda nzima kwenye flashi mbili, hasa mafaili ya kumbukumbu yanayoishia na .DBF. Humo ndimo yalimo madeni ya wateja wako! Jaribu kuyafungua kwa LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali, uone majina na salio kwa macho yako.

Kisha mwambie fundi aweke VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine ndani ya kompyuta yako, na ndani yake Windows 10 ya biti 32, bila intaneti, maana msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Usiiuze mashine ya zamani mpaka uchapishe risiti moja kamili kwenye mpya. Programu hizi hutafuta printa kwenye LPT1, tundu la printa la kizamani, na hapo ndipo wengi hukwama.