Kuchagua mashine ya TIG iliyotumika kwa bati la bodi ya gari

Ndugu, umeuliza kama TIG kuukuu (mashine ya kuchomelea kwa umeme, kwa ncha ya tangsteni inayokingwa na gesi) ya ampea 250 inafaa kwa bodi ya gari. Hiyo 250 isikubabaishe. Uliza inashuka hadi ngapi. Bati la bodi huwa na unene wa milimita 0.7 hadi 1, na hutaka ampea 20 hadi 40 tu. Mashine isiyotulia chini ya ampea 10 itakutobolea bati kila unapoanza na unapomalizia.

Pedali ya mguu ya kupandisha na kushusha ampea ni lazima, pamoja na kuwasha moto (cheche ya umeme inayoyeyusha chuma) bila kugusa chuma. Ukiwasha kwa kugusa, ncha ya tangsteni huchafuka. Kwa chuma DC (umeme wa mkondo mmoja) inatosha; AC (mkondo geu) ni ya alumini.

Usilipe kabla ya kuijaribu. Nenda na tangsteni ya milimita 1.6 na gesi ya agoni tupu, lita 6 hadi 8 kwa dakika, uchomelee kipande cha bati. Moto ukirukaruka, kagua kwanza klipu ya ardhi (inayobana bati) na tochi (mkono wa kuchomelea), maana hizo hubadilishwa kirahisi. Gesi ikikatika papo hapo moto unapozimika, ncha hugeuka nyeusi: huenda ni mpangilio wa muda wa gesi tu, au vali ya gesi imekufa.