Kabla Hujageuza Riwaya Kuwa Filamu, Andikisha Jina Lako

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro alinitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Kuna riwaya ya vita nimeipenda mno, na kuna prodyuza kaniambia nimwandikie skripti yake. Naanzia wapi?" Nilitaka kumjibu kwa sentensi mbili. Adhana ya alfajiri ikanikuta bado nimekaa kitandani na simu mkononi. Haya hapa ndiyo niliyomwandikia, nimepunguza matusi tu.

Marahaba, mdogo wangu. Anza kwa kuitafuta The Bridge on the River Kwai, filamu ya mwaka 1957. Wengi wanaikumbuka kwa ule mluzi wa wanajeshi wakiingia kambini na viatu vilivyotoboka. Mimi naikumbuka kwa jina moja lililoandikwa mahali pasipo pake.

Riwaya yenyewe ilitoka mwaka 1952, ya Mfaransa Pierre Boulle, ambaye aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mpira huko Malaya. Kanali wa Kiingereza ametekwa na Wajapani, analazimishwa yeye na askari wake kuwajengea daraja la reli. Anagoma, anateswa, anashinda mgomo wake. Halafu analijenga daraja kwa ustadi na majivuno mpaka anasahau kwamba linajengwa kwa ajili ya adui. Muongozaji David Lean aliishuti Siloni, ambayo leo ni Sri Lanka, sehemu inaitwa Kitulgala, juu ya mto Kelani. Daraja hawakuchora, walilijenga la kweli kwa magogo, tembo wakivuta.

Siloni hiyo hiyo babu yangu mzaa baba aliifahamu. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka huku kwetu walifanyia mazoezi huko kabla ya kupelekwa vitani Bama, ambayo leo ni Myanmar, mwaka 1944. Alirudi na nyota ya shaba yenye utepe, tuliichezea sana tukiwa watoto. Nyuma yake hakuna jina la mtu.

Turudi kwenye skripti. Aliyeanza kuiandika ni Carl Foreman. Lean hakuridhika nayo, akaletwa Michael Wilson akaisuka upya. Wote wawili Wamarekani, na wote walikuwa na kosa moja: waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikisaka wakomunisti, wakakataa kuchongea wenzao. Hollywood ikawafungia kazi. Foreman akahamia Uingereza, Wilson Ufaransa, wakawa wanaandika kwa kujificha. Filamu ilipotoka, kwenye skrini mwandishi wa skripti alitajwa Pierre Boulle. Mwaka 1958 ikazoa Oscar 7, mojawapo ya skripti, akapewa Boulle. Mtu ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa ile skripti ya Kiingereza! Hata ukumbini hakwenda, Kim Novak ndiye aliyempokelea.

Akademi, wale wanaotoa Oscar, ilikuja kusahihisha mwaka 1984. Wilson alikuwa amefariki tangu 1978. Foreman naye akafariki mwaka huohuo wa 1984. Tuzo zikapokelewa na wajane.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje kuvuta hewa. Sasa nikwambie kwa nini.

Miaka kadhaa nyuma prodyuza mmoja, simtaji, alinipa riwaya ya vita vya Kagera. Tukakubaliana kwenye kijiwe cha kahawa, mkono kwa mkono. Nikamwuliza habari ya mkataba, akacheka, "Wewe ni ndugu yangu bwana, tutaongea." Nikaona aibu kusisitiza. Miezi minane ya kuandika nairuka, haina hadithi: chai, usiku, umeme kukatika.

Ila mwisho wa kitabu ulinisumbua. Riwaya inaishia kwenye gwaride la mwaka 1979, ngoma na hotuba. Kwenye karatasi ilikuwa sawa, kwenye skrini ingekuwa taarifa ya habari. Nikaufuta. Nikaandika askari anafika kwao usiku, mama yake anafungua mlango na kibatari, hamuulizi neno. Anamwekea kigoda, anamimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni, anamvua buti, anamwosha miguu. Maji yanageuka mekundu kwa udongo wa Kagera. Basi, giza.

Usije ukaogopa kufanya hivyo. Kwenye riwaya ya Boulle daraja halianguki, linabaki limesimama. Kwenye filamu linalipuka na treni juu yake, na yule kanali ndiye anayeanguka juu ya kile kitufe cha baruti. Kitabu ni cha mwenye kitabu, filamu inataka mwandishi wake mwenyewe.

Siku ya uzinduzi nilimleta mama kutoka Tanga. Alivaa kitenge kipya, akaja na mama mdogo na shangazi wawili, wakakaa safu ya tatu. Tukio la beseni lilipofika ukumbi ulinyamaza, nikasikia mtu anapenga kamasi. Giza lilipoingia watu wakasimama kupiga makofi. Nikawa nasubiri. Majina yakaanza kupanda. Jina la mwenye riwaya likapita. Kisha: Skripti, na jina la shemeji yake prodyuza, kijana ambaye kwenye lokesheni kazi yake ilikuwa kununua maji ya kunywa. Mimi nilikuwa chini kabisa, kwenye shukrani, kati ya mwenye nyumba na mwenye jenereta, na jina langu la pili limekosewa herufi.

Mama hasomi haraka. Akaniinamia, "Limeshapita?" Nikamwambia limepita. Akapiga vigelegele.

Kesho yake nikampigia prodyuza. "Bwana, si tulikulipa?" Ndiyo, alinilipa. Laki nne, kwa awamu tatu, ya mwisho kwa simu na hakuongeza ya kutolea.

Wapo watakaosema nimeng'ang'ania jambo la zamani. Waseme. Tukio la beseni limekatwa vipande na kuzungushwa mitandaoni, na kila nikiliona nasoma maoni ya watu wakimsifu yule mnunua maji.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni mmoja: usiandike hata ukurasa mmoja kabla jina lako halijaandikwa kwenye karatasi. Karatasi iseme wewe ndiye mwandishi wa skripti, jina litokee wapi, limeandikwaje, herufi kwa herufi. Iseme pia kama mwenye riwaya ametoa ruhusa, maana bila hiyo wote mnacheza. Ukimaliza rasimu, kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kisha rudi usome tena pale niliposema jina liwe kwenye karatasi.

Vijana wa siku hizi mnadhani kipaji kitajisemea chenyewe. Hakisemi! Hata Lean, na fedha zote zile za prodyuza wake Sam Spiegel, siku ya kulipua daraja hakutegemea mtu kupunga mkono. Alikuwa na kamera kadhaa, na kila mpiga picha alitakiwa kutoa ishara ya taa kwamba ameshajificha salama. Mmoja akasahau. Lean akahofia kuua mtu, akazuia mlipuko. Treni, isiyo na dereva, ikavuka daraja zima ikaenda kugonga jenereta ng'ambo. Wakairudisha, wakatengeneza, wakarudia. Hao walikuwa na taa kwa kila mtu. Wewe una nini? Una "tutaongea".

Usiwe mpole kwa prodyuza. Upole niliokuwa nao mimi uliliwa na shemeji. Mtu akikuita ndugu yake kabla ya mkataba, mwombe kalamu papo hapo. Akikasirika, mwache akasirike, riwaya hazijaisha duniani.

Nilipomtumia yote haya, kijana akakaa kimya nusu saa. Kisha akaandika: "Asante kaka. Ila prodyuza mwenyewe ni mjomba wangu, kaka yake mama. Naye nimwandikishe?"

Nikamjibu: "Mjomba ndiye wa kwanza."

Tiki mbili za bluu. Hajajibu mpaka leo.