Moshi mweusi si nguvu: pichi ya propela na mzigo wa dizeli

Msomaji wa Wete ameniandikia: boti yake ya dagaa imefungwa propela ya 18×15 "ili ivute". Sasa inatoa moshi mweusi, inachemka, na ikijaa haivuki mizunguko 2,200 kwa dakika. Kibati cha injini kinasema 2,600. Anauliza injini ina nini. Ndugu yangu, umeshalijibu suali lako.

Namba ya kwanza iliyogongwa kwenye kitovu ni upana wa propela kwa inchi. Ya pili ni pichi: inchi ambazo ingesogea kwa mzunguko mmoja lau maji yangekuwa ubao na yenyewe skrubu. Pichi ikizidi, mizunguko haifiki, gavana (kidhibiti cha mizunguko ya injini) anaongeza dizeli, hewa haitoshi kuiunguza, na iliyobaki ndiyo moshi. Joto la ekzosi hupanda, valvu huungua, silinda hedi hupasuka. Halafu watu wanasema injini za siku hizi mbovu!

Usikimbilie kufungua nati, lakini. Injini ikishapata moto, weka gia huru uvute resi yote kwa sekunde chache. Isipovuka namba ya kibati hata bila mzigo, tazama waya wa resi, filta na pampu. Ikivuka, pweleza chombo maji ya bamvua uusugue mkuku na ubavu, pamoja na propela yenyewe. Magamba hubebesha injini mzigo usiokuwa wa pichi. Filta ya hewa iliyoziba nayo hutoa moshi uleule.

Sasa pakia kama siku ya kazi: dizeli, barafu, nyavu, mabaharia wote. Anayejaribu boti tupu mbele ya bandari ya Mkokotoni anajidanganya, maana propela itakayompendeza pale itamsulubu akirudi na shehena. Nenda kwenye kina, upepo mdogo, resi yote dakika mbili au tatu. Soma mizunguko kwa mita ya mwanga, ile ya kubandikia utepe kwenye puli. Saa ya usukani hukosea sana.

Unataka ifike 2,600, au izidi kidogo tu. Kwa makadirio, inchi 1 ya pichi hubadilisha mizunguko ya injini 150 hadi 200. Wewe umepungukiwa 400, basi anza na 18×13, kisha upime tena. Ikigonga gavana mapema na boti haikimbii, pichi imekuwa ndogo. Rudisha inchi moja.

Kukata ncha za mapanga ndiyo tiba ya haraka utakayoshauriwa. Inapunguza mzigo kweli, lakini panga moja likizidi jengine, shafti hutikisika na bushi yake huliwa, na kilichokatwa hakirudi. Propela ya shaba fundi mwenye vipimo anaweza kuikunjua inchi moja au mbili. Mpelekee pamoja na namba zako za baharini, si maelezo ya moshi.

Na kuendesha kwa 1,800 ili moshi usionekane hakukuokoi: kwa mizunguko hiyo pia, injini inabeba zaidi ya inavyopaswa.