Jibu: Mtoto wa Desemba kushika mkia darasa la kwanza

Dada, umeuliza kama mwanao wa Desemba ni mzito wa kichwa kwa kuwa ameshika mkia. Hata kidogo! Shule zetu za Tanzania hufunguliwa Januari, basi mwenzake wa dawati aliyezaliwa Januari amemzidi miezi 11 hivi. Kwa mtoto wa miaka 6, hiyo ni karibu sehemu moja ya sita ya umri wake wote. England mwaka wa shule huanza Septemba, kwa hiyo wanaoumia kule ni wa Agosti, na pengo hupungua wakikua.

Kitinda mimba wangu, hapahapa Ngamiani, Tanga, alikuwa akivaa viatu kinyume wenzake wakishaandika majina yao. Sasa yuko kidato cha pili, ananisahihishia daftari la madeni dukani. Wakikwambia arudie darasa, waulize kwanza wamemlinganisha na nani.