Simba hawalali kwenye shuka

Jana nilipanda na kijana mpya wa kuongoza watalii kwenye gari, nikamsikia akiwagawia wageni maji kwa Kihispania: "a-GU-a". Silabi tatu, mkazo kwenye u! Kisha "gra-SI-as". Wadogo zangu mnaosubiri msimu, nimechoka kukohoa ili kuwasitiri.

1. Kwetu kila irabu ina silabi yake: chu-i, u-a. Kihispania, i na u ni dhaifu. Zikikaa jirani na a, e au o, zenye nguvu, hupakatwa, yaani huingia silabi moja nazo: a-gua, gra-cias, hie-na. Zenye nguvu mbili hazipakatani: le-ón, le-o-par-do. Ukiona alama ya mkazo (´) juu ya i au u iliyo jirani na hizo, basi imegoma kupakatwa: dí-a, pa-ís.

2. Neno likiishia irabu, n au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Likiishia konsonanti nyingine, uko mwisho, a-ves-TRUZ. Penye alama, fuata alama.

3. Hapa mnisikilize. Mwaka wangu wa kwanza mwalimu alinikaripia kila siku: nasema bu-FA-lo badala ya BÚ-fa-lo, hi-po-po-TA-mo badala ya hi-po-PÓ-ta-mo. Nikaapa kuuacha mkazo wa Kiswahili. Nikawa nausukuma nyuma kila neno, bila hata kukata silabi. Basi Serengeti, saa kumi jioni, gari nimezima, simba saba chini ya mgunga, wageni kimya. Nikasimama kwa madaha: "Los leones duermen en la SÁ-ba-na." Nilitaka kusema simba wanalala kwenye sabana, mbuga. Sábana ni shuka la kitandani. Bibi mmoja kiti cha nyuma akauliza kwa upole: na nani huwafulia? Gari zima likaangua kicheko, simba mmoja akainua kichwa. Kinachoniuma hadi leo, neno lenyewe ni kama limetengenezwa kwa ulimi wetu: sa-BA-na, linaishia a, halina alama. Ningelitamka kizembe ningepatia. Siku nne zilizobaki, kila asubuhi niliulizwa kama simba wametandikiwa.

4. León ina alama, leones haina. Kateni silabi mtaona sababu.

5. Kijana wa jana aliwaaga wageni kwa kujisifu: "Hablo IN-gles." Lugha ya Kiingereza ni in-GLÉS, mdogo wangu. Ulichotaja wewe ni vinena. Sikutaka kukwambia mbele yao.